Mishipa unayoiona mguuni siyo ile inayochomwa na leza

Ile mishipa minene iliyojikunjakunja kwenye shavu la mguu, ambayo mtu anaiangalia kila akivua suruali, mara nyingi siyo yenyewe yenye kosa. Kosa linakuwa juu yake, kwenye mshipa mwingine uliolala ndani zaidi chini ya ngozi, huuoni kwa macho na pengine hata ukipapasa huupati, na huo ndo leza inaufuata. Naanza na hili makusudi kabisa, sababu karibu kila anayeniuliza kuhusu leza ya vena varikosi, yaani hiyo mishipa iliyotanuka na kujikunja, anawaza mashine ya taa inayomulikwa juu ya ngozi alafu mishipa inafutika, na wapo walioshakata tamaa manake walichomwa sindano kwenye mishipa inayoonekana tu, ikanywea, baada ya muda ikarudi yote na mingine juu.

Mi nimefanyiwa mguu wa kulia. Varikosi ilianza kujitokeza nikiwa na mimba ya kwanza, ikapungua baada ya kujifungua, mimba ya pili ikaja nayo tena na safari hiyo haikuondoka, na kazi yangu ni kufundisha, yaani kusimama toka asubuhi mpaka jioni, kwahiyo ikifika mchana mguu ulikuwa mzito, unauma ule uumaji wa chinichini, kiatu kinabana, usiku misuli inakaza naamka nimeshika mguu. Na kuwashwa juu ya kifundo cha mguu kwa upande wa ndani, kuwashwa ambako hakuna mafuta wala krimu iliyokutuliza. Mama yangu anayo, mama mdogo anayo, na hilo ni la kuzingatia sana sababu varikosi inatembea kwenye familia, ukijumlisha na ujauzito, umri, uzito mkubwa na kazi za kusimama masaa mengi, uwezekano unazidi kupanda.

Kilichonifanya nilivalie njuga ni mguu wa mama. Amekaa na kidonda juu ya kifundo kwa miaka, kinafunga kinafunguka, kinafunga kinafunguka, kinasafishwa, anapewa antibayotiki, anabadilishiwa dawa za kupaka, na muda wote huo hakuna aliyeweka ultrasaundi kwenye mguu wake kuangalia damu inapita vipi. Hili bado linaniuma sana. Ngozi kuzunguka kile kidonda ilishakuwa nyeusi na ngumu muda mrefu kabla hakijatokea, yaani mguu ulikuwa unaongea.

Sasa tuelewane kwanza mguu unafanyaje kazi manake bila hapo leza haitaeleweka. Damu ikishafika kwenye vidole lazima irudi juu mpaka kwenye moyo, inapanda kinyume na uzito wake yenyewe, na inayoisukuma ni misuli ya miguu hasa ya shavu la mguu, kila ukipiga hatua misuli inabana mishipa na damu inasogea juu. Ndani ya hiyo mishipa kuna vali, yaani vijilango vidogo vinavyofunguka kuelekea juu tu, damu ikishapita vinajifunga isirudi. Vali zikilegea au mshipa ukitanuka mpaka vali hazikutani tena, damu inashuka kila unaposimama, inarundikana chini, presha inapanda kwenye mishipa midogo ya karibu na ngozi, inatanuka, inajikunja, na ndo hiyo unayoiona.

Miguu ina mishipa ya vena, yaani ile inayorudisha damu kwenye moyo, ya aina mbili kubwa. Ile ya ndani kabisa katikati ya misuli, hiyo ndo inabeba sehemu kubwa sana ya damu, na ile ya juu, ambayo mkubwa wao anaitwa safena kubwa, unaanzia kwenye kifundo kwa upande wa ndani, unapanda upande wa ndani wa goti na paja mpaka kinenani na hapo unaingia kwenye mshipa mkubwa wa ndani. Kuna na safena ndogo inayopanda nyuma ya shavu la mguu na kuingilia nyuma ya goti. Kwa watu wengi wenye varikosi, uvujaji, yaani hiyo damu inayorudi chini, upo kwenye safena kubwa. Mishipa iliyojikunja pale chini ni matawi yake yanayopokea damu inayoshuka, kwahiyo ukitibu matawi ukaiacha safena inavuja, unapiga deki sakafu na bomba la juu bado liko wazi.

Ndo maana kwangu mi, kitu kikubwa kuliko leza yenyewe ni ile ultrasaundi ya kabla, wanaiita dopla au dupleksi, na hapa naomba nikae kidogo sababu ndo pale watu wanaporukishwa. Kwanza unapimwa UMESIMAMA, uzito umeuegemeza kwenye mguu mwingine, ule unaopimwa umelegezwa. Ukilazwa kitandani vizuri mishipa inapungua damu na uvujaji unaweza usionekane kama ulivyo. Daktari anapaka jeli anaanzia kinenani, anaweka kile kifaa, alafu anabinya shavu la mguu kwa mkono damu ipande, anaachia. Mshipa mzima ukiachiwa unatulia, vali zimefunga. Mshipa unaovuja unaona pale kwenye skrini rangi inageuka, damu inashuka, na mashine inapima imeshuka kwa muda gani, kwa mishipa ya juu ikizidi nusu sekunde inahesabika kuwa ni uvujaji. Wangu ulikuwa unashuka tu hauishi, rangi imejaa skrini, na unausikia kwenye spika, unavuma, daktari akanigeuzia skrini akaniambia "mwalimu, hapa juu ndo kwenye shida, huku chini ni matokeo". Nikaangalia paja langu, halina hata mshipa mmoja uliojitokeza.

Alafu anashuka nao sentimita kwa sentimita, unavuja toka wapi mpaka wapi, una upana gani, umenyooka au umepinda sababu faiba ya leza, ule uzi mwembamba unaopitisha mwanga ndani ya mshipa, haipendi kona, matawi yanatokea wapi, safena ndogo ikoje, na kitu ambacho hakitakiwi kuachwa hata siku moja, mishipa ya ndani iko wazi? Manake kama mishipa ya ndani iliwahi kuziba kwa mgando wa damu na haikufunguka vizuri, inawezekana hiyo ya juu ndo imebaki njia ya damu kurudi, ukiifunga umemuumiza mtu. Kipimo kizuri hakiwezi kuwa cha dakika mbili.

Kuhusu hatua za ugonjwa, madaktari wana ngazi zao za toka C0 mpaka C6, zilianzishwa mwaka 1994. C1 ni vile vimishipa vyembamba sana vyekundu au vya zambarau, C2 ndo varikosi yenyewe, mshipa wa milimita 3 kwenda juu, C3 mguu unavimba, C4 ngozi inabadilika rangi, inakuwa na ukurutu, inakuwa ngumu, C5 ni kidonda kilichopona na C6 kidonda kibichi. Sio kila mtu anapanda ngazi zote, wengi wanabaki C2 maisha yao yote na wanaishi vizuri tu. Ila mama alikuwa C6, na mimi ile kuwashwa na weusi ulioanza juu ya kifundo ikanipa C4 wakati nilijiona mtu wa mishipa tu. Mtu akikwambia varikosi ni mambo ya urembo mwonyeshe mguu wenye C4.

Na kwa wenye vidonda kuna utafiti wa Uingereza unaitwa EVRA, ulitoka 2018, wagonjwa 450 wenye vidonda vya mguu vya vena. Nusu walifungiwa mishipa inayovuja mapema, ndani ya wiki mbili, wengine wakafungwa bandeji za kubana kwanza na mshipa ukasubirishwa. Wote walipata bandeji. Wale wa mapema, muda wa kati wa kidonda kupona ulikuwa siku 56, wale waliosubirishwa siku 82. Nilipousoma nilimpigia mdogo wangu saa hiyohiyo nikamwambia mama anaenda kupimwa, na bandeji pia tuliambiwa isifungwe kwa kubana kabla hawajapima kama damu ya ateri, ile inayotoka moyoni, inafika vizuri mguuni, hilo nalo muhimu mno hasa kwa wazee na wenye kisukari, manake ukibana mguu ambao damu yake ya kwenda ni chache unaweza kuuharibu.

Zamani tiba ilikuwa kuung'oa mshipa. Toka mwanzoni mwa karne ya 20, daktari Babcock wa Marekani alishaonyesha mwaka 1907 jinsi ya kupitisha waya ndani ya mshipa na kuuvuta wote nje, unachanwa kinenani, unachanwa chini, unalazwa usingizi, mshipa unatolewa, paja linavilia damu lote. Ilisaidia watu wengi sana na bado inafanyika, sitaki mtu aliyefanyiwa hivyo adhani alidanganywa. Leza ya ndani ya mshipa ni ya juzi tu, Carlos Boné wa Hispania aliripoti mwaka 1999, na Januari 2002 FDA, mamlaka ya Marekani inayopitisha dawa na vifaa vya tiba, ikaidhinisha. Mwaka 2013 taasisi ya NICE ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu ikaziweka njia za joto, yaani leza na ile ya mawimbi ya redio, kuwa chaguo la kwanza, ikishindikana povu la dawa linalochomwa ndani ya mshipa, ikishindikana ndo upasuaji, na soksi za kubana peke yake zikabaki kwa wale ambao njia hizo haziwafai.

Sasa siku yenyewe. Nilitembea kwa miguu yangu kuingia na nilitembea kwa miguu yangu kutoka, silazwi usingizi, ni ganzi tu. Kwanza unasimama tena daktari anachora mguu kwa kalamu akifuata ultrasaundi. Alafu unalala, kitanda kinainamishwa upande wa miguu ili mshipa ujae, anachoma ganzi kidogo karibu na goti, anaingiza sindano kwenye safena huku anaangalia skrini, hapo hakuna kuchana, ni tundu la sindano. Kwenye sindano unapita waya, juu ya waya unapita mrija mwembamba, ndani ya mrija inapita faiba, na faiba inasukumwa taratibu mpaka karibu na kinena, inasimamishwa kama sentimita 2 kabla ya pale safena inapoingia kwenye mshipa wa ndani. Hizo sentimita 2 zinapimwa na kupimwa tena, usimharakishe daktari hapo hata kidogo, sababu joto likifika kwenye mshipa wa ndani linaweza kuleta mgando.

Kinachouma, niseme ukweli, ni sindano za ganzi ya paja. Ni nyingi, zinafuata mshipa wote toka goti mpaka kinena, wanaingiza maji ya chumvi mengi yaliyochanganywa na lidokaini kidogo na adrenalini, na za mwanzo kila moja unaisikia, unahisi baridi na kukazwa, baadae ganzi inakutangulia na zinazofuata huzisikii sana. Nesi alinishika mkono akawa ananiambia dada pumua, na nilimshukuru kwa hilo kuliko kitu kingine chochote siku hiyo. Nilikuwa nadhani yale maji ni ya ganzi tu, kumbe yana kazi tatu: yanaua maumivu, yanaubana mshipa ujikaze kwenye faiba damu itoke, na yanakaa kati ya mshipa na vitu vya jirani, neva, ngozi, ili joto lisivifikie. Ndo maana daktari anaangalia kwenye skrini mpaka aone mshipa umezungukwa na maji pande zote.

Hapo kitanda kinainamishwa upande wa kichwa, kila mtu chumbani anavaa miwani, na wewe pia unavalishwa, leza inawashwa na faiba inavutwa kurudi nyuma polepole sana, mashine inahesabu nishati kwa kila sentimita. Muda wa kuchoma wenyewe ni mfupi, dakika chache tu, mambo mengi ni maandalizi, kwa wengi yote yanaisha ndani ya saa moja hivi. Sikusikia moto. Kilichotokea ndani ni kwamba ukuta wa mshipa umeungua toka ndani, umesinyaa, umejifunga, na kwa miezi inayofuata mwili unaubadilisha kuwa uzi mkavu na kuumeza taratibu. Leza za mwanzo zilikuwa za mawimbi ya nanomita 810, 940, 980, ambazo nguvu zake zinanyonywa sana na damu, hizi za sasa nyingi ni 1470 ambazo zinanyonywa na maji yaliyomo kwenye ukuta wa mshipa, na faiba zake zinatoa mwanga kuzunguka pande zote badala ya nchani peke yake, na mguu unavilia damu kidogo na maumivu ya baadae yanapungua. Ukienda kuuliza, uliza aina ya faiba, ni swali halali kabisa.

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili, je mshipa ukifungwa damu itapita wapi. Itapita kwenye mishipa ya ndani, ambayo toka mwanzo ndo ilikuwa inabeba sehemu kubwa. Safena yenye vali zilizokufa ilikuwa hairudishi damu juu, ilikuwa inaishusha, kwahiyo ukiifunga umeupunguzia mguu mzigo. Ila hii inarudi kwenye lile la ultrasaundi, hilo jibu ni sahihi TU kama mishipa ya ndani imeangaliwa na iko wazi.

Baada ya hapo unavalishwa soksi ya kubana ndefu na unaambiwa utembee, na wanamaanisha, utembee hapohapo na uendelee kutembea kila siku, sababu misuli ikifanya kazi damu ya mishipa ya ndani haitulii na haigandi. Soksi wengine wanaambiwa siku chache, wengine wiki, wengine wiki mbili, madaktari hawafanani, fuata wa kwako. Mi kazini nilirudi mapema, ila kunyanyua vitu vizito na mazoezi makali nilikatazwa kwa muda, na safari ndefu za ndege au basi pia wanashauri usubiri.

Kitu ambacho watu hawaambiwi vya kutosha ni kwamba siku za kwanza unajisikia vizuri, alafu kuelekea mwisho wa wiki ya kwanza hivi ndo maumivu yanakuja. Paja kwa ndani linakaza, ukinyoosha mguu unahisi kuna kitu kigumu kinavuta, ukipapasa unakisikia chini ya ngozi. Ni ule mshipa uliofungwa unasinyaa na kupona. Nilishaambiwa kabla kwahiyo sikuogopa, ila nimeongea na mama mmoja ambaye hakuambiwa akakaa usiku mzima anadhani mguu umeharibika. Dawa za kawaida za maumivu, kutembea, kuinua mguu ukikaa, inapita.

Hatari zipo na nitazisema. Kuvilia damu ni kawaida. Kufa ganzi sehemu ya ngozi, hasa chini ya goti kwa ndani sababu neva inatembea bega kwa bega na safena huko chini, na nyuma ya shavu la mguu kwa wanaofungiwa safena ndogo, mara nyingi inarudi ila kwa wachache inakaa. Ngozi kuungua ni nadra yale maji yakiwekwa vizuri. Ngozi inaweza kubaki na weusi juu ya matawi yaliyoganda, na kwa sisi wenye ngozi nyeusi huo weusi unachukua miezi kuisha. Mgando kwenye mishipa ya ndani, ule wanaouita DVT, ni nadra, chini ya mtu 1 kati ya 100, lakini ndo wa kuuogopa, kwahiyo shavu la mguu likivimba na kuuma kwa namna mpya, au kifua kikauma au pumzi ikakata ghafla, usisubiri kesho nenda hospitali muda huohuo. Ndo maana pia wanakurudisha baada ya siku chache au wiki kwa ultrasaundi nyingine, kuona mshipa umefunga na hakuna mgando unaochungulia kwenye mshipa wa ndani. Hiyo ya kurudi usiikimbie eti sababu unajisikia mzima.

Nani haifai kwa sasa: mwenye mimba, hapo wanasubiri ujifungue na miezi kadhaa ipite sababu mishipa mingi inanywea yenyewe, mwenye mgando mpya wa damu, ambaye hawezi kutembea, ambaye damu ya ateri haifiki vizuri miguuni, na ambaye mshipa wake umepinda sana faiba haipiti. Kwa huyo wa mwisho kuna povu, dawa inachanganywa na hewa inakuwa povu na kuchomwa ndani ya mshipa, unafunga kwa kuunguzwa na dawa badala ya joto. Kuna utafiti mkubwa Uingereza wa watu 798 uliolinganisha leza, povu na upasuaji, wakawafuatilia mpaka miaka mitano, majibu yalitoka 2019, na hali ya maisha kwa upande wa ugonjwa huu ilikuwa nzuri zaidi kwa waliofanyiwa leza au upasuaji kuliko waliopata povu. Mi nachukulia kwamba povu ni zuri pale linapohitajika, kwa matawi, kwa mshipa uliopinda, kwa aliyewahi kupasuliwa ikarudi, lakini kama safena imenyooka na unaweza kupata joto, pata joto. Mawimbi ya redio ni ndugu wa leza, yanafunga kwa joto vilevile, kama hospitali yako wanatumia hayo na wana uzoefu nayo usiyakatae kwa kutafuta jina leza.

Na ile mishipa iliyojikunja sasa, iliyomleta mtu hospitali? Leza ya safena haiigusi. Baada ya safena kufungwa mingi inapungua yenyewe kwa wiki na miezi sababu presha imeondoka, inayobaki inatolewa kwa vitobo vidogo sana vya ncha ya kisu, inavutwa na ndoano ndogo vipande vipande, njia iliyoenezwa na Robert Muller wa Uswisi, na vitobo vyenyewe havihitaji hata kushonwa. Wengine wanafanya yote siku moja, wengine wanasubiri waone kinachobaki. Mi nilisubiri, na nafurahi hivyo manake iliyobaki kutolewa ilikuwa michache. Vile vimishipa vyembamba vya C1 ndo kuna leza ya juu ya ngozi, hiyo ni mashine tofauti na kazi tofauti kabisa, na kwa ngozi nyeusi inataka mtu mzoefu kweli sababu rangi ya ngozi nayo inanyonya mwanga, inaweza kuungua au kuacha madoa. Kwa C1 nyingi sindano ya dawa inatosha.

Haimaanishi ukifanyiwa umemaliza. Huo mshipa uliofungwa kwa watu wengi unabaki umefungwa, ila tabia ya vali kulegea bado unayo, mishipa mingine inaweza kuanza miaka ijayo. Mama mshipa wake ulifungwa na kidonda kikafunga, na soksi anavaa mpaka leo kila asubuhi kabla hajashuka kitandani, sababu vidonda hivi vina tabia ya kurudi.

Jambo jingine nisilolisahau, mshipa wa varikosi ukipasuka, labda umejigonga au umejikuna, damu inatoka nyingi ya kutisha. Lala chini, inua mguu juu kuliko moyo, bonyeza pale pale kwa kitambaa safi na usiachie achie kuchungulia, alafu upelekwe hospitali. Usikae kwenye kiti mguu unaning'inia na usifunge kamba juu ya goti, na mwambie kila mtu nyumbani hili kama kuna mzee mwenye mishipa hiyo.

Wengi mnanitumia picha za miguu. Nawaombeni picha mziache, angalieni ripoti ya ultrasaundi. Iwe inasema umepimwa umesimama, mishipa ya ndani iko wazi na haina mgando, ni safena ipi inavuja, inavuja toka wapi mpaka wapi, damu inashuka kwa muda gani, mshipa una upana wa milimita ngapi. Ripoti iliyoandikwa "varikosi mguu wa kulia" tu na sahihi chini haitoshi kumwingiza mtu kwenye chumba cha leza, una haki ya kurudi nayo na kuomba upimwe upya, umesimama, kuanzia kinenani.